Zamu ya maji, zamu ya Mungu

Saa kumi na moja alfajiri Usangi bado imefunikwa na ukungu. Milima imelizunguka bonde pande zote. Kindoroko, wenye mita 2,113, ndio mrefu kuliko yote ya Upare Kaskazini, na jua hulazimika kuuparamia ukingo huo kabla halijaonekana vijijini. Watu hawalingojei. Adhana imeshasikika, moshi umeshaanza kutoka jikoni, na magari ya abiria yanayoteremka Mwanga mjini, kilomita kama 25 za kona tupu, yanapiga honi kuita waliochelewa kuvaa viatu.

Mwenye haraka kuliko wote saa hiyo si abiria, ni mama mwenye ng'ombe. Huku mlimani ardhi ni finyu, ng'ombe hafunguliwi kwenda kuchunga. Anakaa bandani na kila kitu anapelekewa. Basi mama akiamka anakoka moto, anabandika chai, anakamua, anawaandaa watoto kwenda shule, anafagia banda. Kisha anachukua panga na kamba, anapanda mteremko kukata majani, na kurudi na mzigo kichwani unaomfunika mpaka mabegani. Ukipishana naye njiani utaona miguu na rundo la majani linalotembea. Ukimwamkia "Shikamoo mama," itikio la marahaba litatoka mle mle ndani ya majani, na hatua hazisimami. Majani yakipungua atakata mgomba aukatekate. Bado maji, bado kuni, bado kahawa au maharage, bado kikao cha kikundi cha kuweka na kukopa. Jioni ng'ombe anakamuliwa tena.

Mwambie mama huyo kwamba anapaswa kumtengea Mungu muda. Atakubali bila ubishi, maana hakuna asiyekubali. Halafu atasema maneno yanayosemwa Usangi, Same, Moshi na Kariakoo: nikipata nafasi.

Nafasi hiyo haipatikani. Hakuna mtu aliyewahi kumaliza kazi za siku akakuta saa moja imebaki mezani, safi, haina mwenyewe. Ndiyo maana mahubiri mengi kuhusu jambo hili hayafiki mbali. Yanamtaka mtu mmoja mmoja ajitahidi zaidi, aamke mapema zaidi, azime simu, apange ratiba. Ushauri si mbaya, ila unaliweka suala zima juu ya nia ya mtu mmoja, na nia ya mtu aliyechoka ni kitu dhaifu. Tena tusidanganyane, muda wenyewe upo kwa yale tunayoyaona ya lazima. Watani wa Wapare hupenda kusema kwamba Mpare anaweza kuuza ng'ombe ili afuatilie kesi ya kuku. Ni utani, na Wapare wenyewe wanaucheka, lakini mtu anayeweza kuhudhuria baraza la kata kwa ajili ya mpaka wa shamba la migomba, likaahirishwa, akarudi tena na tena, hawezi kusema kwa moyo mweupe kwamba wiki yake haina saa hata moja.

Milima hii ina elimu yake ya zamani kuhusu kugawana kitu kisichotosha. Kitu hicho ni maji. Kabla ya mabomba, na mahali pengine mpaka leo, Wapare walimwagilia kwa ndiva: bwawa lililochimbwa mteremkoni na kuzungushiwa ukuta wa udongo na mawe. Kijito kinachoonekana chembamba mchana huachwa kiingie bwawani usiku kucha. Asubuhi tundu linazibuliwa, na maji yaliyokusanyika yanashuka mferejini kwa nguvu ambayo kijito peke yake kisingeipata kamwe. Kila mwenye shamba ana zamu yake. Zamu ikikupita umelala, maji yamekwenda kwa mwenzako. Na ndiva hujaa tope, hivyo wanufaika hukusanyika kwa msaragambo, kazi ya pamoja, kuzoa tope na kuziba nyufa. Asiyetokea hutozwa faini. Upande wa Same, ndiva ya Manoo kule Bangalala imekuwa maarufu hata kwa watafiti wa kilimo kwa sababu ya utaratibu huo.

Ninachotaka kusema katika makala hii ni kwamba muda wa Mungu huku milimani umesimama pale tu ulipowekewa utaratibu wa namna hiyo: saa inajulikana, zamu ni ya watu wengi kwa pamoja, na kuna mtu atakayeuliza ulikuwa wapi. Pale ulipoachwa uwe hiari ya mtu na moyo wake, umevuja.

Anza na Waislamu, ambao Usangi ni wengi. Sala tano zinaonekana mzigo kwa asiyezizoea, ila ukizitazama kwa makini utaona zimeacha nafasi kubwa kwa mkulima na mfanyabiashara. Adhuhuri haimalizwi kwa dakika kumi. Wakati wake unaendelea mpaka alasiri iingie, karibu saa tatu nzima. Na huku kwetu karibu na ikweta jua ni mwaminifu. Adhuhuri ya Usangi huingia karibu saa sita na nusu mchana mwaka mzima. Tofauti kati ya mwezi inapowahi na mwezi inapochelewa ni kama nusu saa tu. Mpare aliyehamia Uingereza hana bahati hiyo. Kule magharibi ya Desemba huingia watu wakiwa bado kazini, na isha ya Juni humngoja mpaka karibu na usiku wa manane, wakati kesho yake ana zamu ya kazi alfajiri. Huku mtu anaweza kuishi miaka sabini na ratiba ileile, mwili ukaizoea, hata bila saa ya mkononi.

Ijumaa ndipo utaratibu unapoonekana kwa macho. Sura ya 62 ya Qurani inawataka waumini waache biashara inaponadiwa sala ya Ijumaa, na aya inayofuata inawaruhusu, sala ikiisha, watawanyike katika ardhi watafute fadhila za Mungu. Msikilizaji mwenye duka anaelewa mara moja: biashara haikulaaniwa, imesimamishwa kidogo kisha ikarudishiwa mwenyewe. Hivyo Ijumaa mchana mlango wa duka hurudishwa nusu, mchele unaachwa kwenye gunia, fundi cherehani anaacha suruali chini ya sindano. Mteja Mkristo aliyekuja kununua sukari hakasiriki. Anakaa barazani, anasubiri, au anaacha hela kwa jirani. Naye ameshiriki kwa namna yake kuulinda muda wa mwenzake. Katika familia za Kipare ambamo kaka ni Mlutheri na dada ni Mwislamu, na ziko nyingi, jambo hilo halihitaji hata kuelezwa.

Ramadhani huupanua utaratibu huo mwezi mzima. Kwa kuwa hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, mara inaangukia kwenye masika na matope yake, mara kwenye baridi ya Julai, mara kwenye mavuno. Kazi za shamba husogezwa asubuhi, jioni jiko linawashwa mapema, na aliyekuwa akisema hana muda anaonekana msikitini kwa tarawehe siku baada ya siku. Wiki moja baada ya Idi safu zinapungua tena. Mashehe hulalamika kila mwaka, na wana haki. Lakini malalamiko hayo yenyewe ni ushahidi: mtu ni yuleyule, kazi ni zilezile, kilichobadilika ni kwamba kijiji kizima kimeacha kwenda naye.

Walutheri walifika Usangi mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa Wajerumani, wamisionari wa Leipzig walipojenga kituo chao Shigatini. Wao walikuja na kengele ya kanisa, Jumapili, na ibada ya nyumbani asubuhi na jioni. Katika urithi wa Luther kuna maandishi mafupi ambayo ningependa yasomwe zaidi kwenye sharika zetu. Mwaka 1535 kinyozi wake, jina lake Peter, alimuuliza mtu afanyeje ili aweze kusali, na Luther akamjibu kwa kijitabu. Hakumwandikia mtawa mwenye siku nzima ya kukaa kimya. Alimwandikia mtu wa kazi za mikono, mwenye wateja wanaosubiri. Shauri lake la kwanza ni kuifanya sala kazi ya kwanza ya asubuhi na ya mwisho ya usiku, na kujihadhari na yale mawazo yanayomnong'oneza mtu angoje kidogo, amalize kwanza hili na lile. Anajua kwamba hili na lile havina mwisho.

Anajua pia utetezi wetu tunaoupenda kuliko wote, ule wa kwamba kazi ni ibada. Luther haukatai, anakubali kwamba kazi inayofanywa kwa imani ina sura ya sala. Ila anaonya mtu asijizoeze kuacha sala yenyewe kwa kisingizio hicho, mpaka siku moja akute moyo umepoa. Hapo ndipo wengi wetu tulipo. Mama yule mwenye majani kichwani anaweza kusema kazi yake ni ibada na nisiwe na la kumjibu. Meneja wa benki mjini akisema hivyohivyo saa tatu usiku akiwa bado ofisini, nina mashaka.

Ukivuka kwenda Upare Kusini, utawakuta waliolishika jambo hili kwa ukali kuliko wote. Waadventista Wasabato waliingia nchini kupitia milima hii. Wamisionari wao wa kwanza, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walianza kazi Giti mwaka 1903, na kutoka huko Usabato ukasambaa Mamba, Suji na kwingineko hadi Ziwa Victoria. Sabato yao haianzi Jumamosi asubuhi. Inaanza Ijumaa jua linapozama na kuisha Jumamosi jua linapozama. Maana yake ni kwamba Ijumaa yote ni siku ya maandalio. Nguo zinafuliwa na kupigwa pasi Ijumaa. Kuni zinapasuliwa Ijumaa. Majani ya ng'ombe ya siku mbili yanakatwa Ijumaa, na mwenye duka anahesabu hela mapema ili magharibi isimkute na kalamu mkononi.

Na chakula kinapikwa Ijumaa. Hapo Wapare wana bahati, kwa sababu chakula chao kinachojulikana nchi nzima ni makande. Mahindi yanalowekwa, yanabandikwa na maharage kwenye sufuria kubwa, moto unapunguzwa, na mpishi anaweza kwenda kufanya mengine. Saa kadhaa baadaye mahindi yamepasuka, maharage yamelainika, uji mzito umejitengeneza wenyewe chini. Kinachobaki ni kitunguu, mafuta, chumvi, na maziwa kwa anayeyapenda. Tena wapo wanaoapa kwamba makande ya jana ni matamu kuliko ya leo. Sijui kama wamisionari wa Kijerumani waliligundua hilo mapema, lakini kuwahubiria Sabato watu wenye chakula cha namna hii kulikuwa kazi nusu.

Utaratibu huo una gharama, na isifichwe. Gulio likiangukia Jumamosi, Msabato hauzi. Chuo kikipanga mtihani Jumamosi, mwanafunzi ana barua ya kuandika na usiku wa kukosa usingizi. Mwajiri wa mjini anayefungua siku sita humtazama Msabato kama mtu anayetafuta upendeleo. Hata hivyo ukiuliza ni dhehebu gani ambalo waumini wake hawasemi "nikipata nafasi", jibu liko hapo. Hawaitafuti. Jua linazama, basi.

Wakatoliki, ambao jimbo lao la Same lilipandishwa hadhi kuwa jimbo kamili mwaka 1977, wana jumuiya ndogondogo, kaya chache zinazokutana kila wiki kwa mzunguko. Nguvu yake ni ileile ya zamu: wiki ijayo wanakuja kwako, hivyo utakuwepo, na utakuwa umefagia.

Tatizo kubwa liko kwa wale waliokwisha kushuka mlima. Wapare walisoma mapema na wakatawanyika mapema. Utawakuta Tabata, Ilala, Arusha, Muscat. Mlimani muda wao ulikuwa na walinzi: adhana, kengele, mama mkwe, jirani. Mjini walinzi wote wamebaki nyuma. Mtu anatoka nyumbani Mbagala saa kumi na moja, anarudi saa tatu usiku, na kati ya hapo kuna foleni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi saa zisizozidi 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa nzima baada ya kufanya kazi saa tano mfululizo, na angalau saa 24 za kupumzika kila wiki. Kwa karatasi, adhuhuri na Jumapili vimo ndani. Lakini sheria hiyo haimfikii dereva wa bodaboda wala mama ntilie, na hata aliyeajiriwa anajua simu ya bosi haisomi vifungu.

Baadhi wamejitengenezea walinzi wapya. Makanisa ya katikati ya Dar es Salaam yana ibada za alfajiri kabla ya kazi na maombi ya mchana wakati wa chakula. Misikiti ya Kariakoo hufurika adhuhuri, safu zikatoka mpaka barabarani. Kwenye mabasi ya masafa marefu, yanaposimama Mombo au Korogwe, utaona abiria wakigawanyika: wengine kwenye chipsi, wengine msalani, na wachache wakikimbilia bomba kutia udhu, huku kondakta akipiga kelele kwamba dakika kumi zimeisha. Msafiri Mwislamu ameruhusiwa kukusanya na kupunguza sala, ruhusa ambayo barabara ile imeifanya kuwa rehema kubwa.

Simu nayo inajitetea kwamba inasaidia. Inaadhini, inatuma neno la siku, inaleta kwaya. Redio ya Sauti ya Injili kutoka Moshi imekuwa ikisikilizwa kwa miaka mingi na watu wakiwa na kazi mikononi, na siwezi kumlaumu anayekamua ng'ombe huku akifuata mahubiri. Ila kikundi cha WhatsApp chenye watu mia mbili wanaoandika amina bila kusoma ni jambo jingine. Mtu anaweza kutuma amina thelathini kwa siku na asisali hata mara moja.

Kuna jambo moja linalousimamisha mlima na mji kwa pamoja, nalo ni msiba. Mei 2025 alipozikwa Waziri Mkuu mstaafu Cleopa Msuya nyumbani kwake Usangi, viongozi wa nchi walipanda kona zile na shughuli za bonde zikasimama. Huo ulikuwa msiba wa kitaifa, lakini hata mzee asiye na cheo akifariki, vijana wa Dar hupata ruhusa, nauli na siku tatu ambazo mwezi uliopita hazikuwepo. Hakuna anayeuliza kama una nafasi. Wanauliza umefika?

Turudi kwa wanawake, maana hapa taasisi za dini zina deni. Misikitini na makanisani mipangilio mingi ya saa inafanywa na wanaume, ambao asubuhi yao huanzia kwenye chai iliyokwisha kuchemka. Ibada ya Jumapili katika sharika nyingi za Kilimanjaro hupita saa mbili kwa urahisi, kisha yanafuata matangazo, kisha mnada. Mnada ni jambo zuri. Muumini asiye na fedha ameleta alichonacho: mkungu wa ndizi, mayai kwenye kikapu, kuku aliyefungwa miguu, parachichi. Mzee wa kanisa anasimama nje na kunadi kwa vichekesho. Yai linanunuliwa kwa bei ya kuku, aliyelinunua analirudisha linadiwe tena, watu wanacheka, mfuko unajaa. Lakini tazama ni nani anaondoka kabla. Ni wale kina mama wenye ng'ombe bandani, na wanaondoka kwa aibu, wakiinama kidogo, kana kwamba wamemkosea Mungu.

Ndiva hazikuendeshwa hivyo. Mwenye shamba la mbali alifikiriwa wakati wa kupanga zamu, la sivyo angeacha kuja kuzoa tope. Baraza la wazee wa usharika linaweza kuhamisha matangazo yakabandikwa ukutani, likaweka ibada ya kwanza saa moja na kuimaliza saa mbili na nusu, mnada ukawa mara moja kwa mwezi. Kamati ya msikiti inaweza kuhakikisha kina mama wana mahali pao pa kuswalia, pana maji ya udhu na mlango wao. Na baba wa nyumba anaweza kuchukua panga na kamba Jumamosi jioni akakate majani ya Jumapili. Mteremko ni uleule, na majani hayajui yamekatwa na nani.